Presha ya macho: matone, leza au upasuaji?

Hapa Dar es Salaam, mtu akigundulika ana presha ya macho mara nyingi hutoka kliniki na karatasi ya dawa ya matone na tarehe ya kurudi. Foleni ni ndefu, daktari ana wengine wa kuwaona, na mgonjwa mwenyewe bado ameshtuka, hana hata la kuuliza. Akifika nyumbani ndipo maswali yanaanza. Nitatumia matone haya hadi lini? Nasikia kuna leza, mbona sikuambiwa? Na yule jirani aliyefanyiwa upasuaji, mbona bado anashikwa mkono kuvuka barabara?

Njia za kutibu ugonjwa huu, ambao hospitalini huitwa glakoma, ni hizo tatu: matone, leza na upasuaji. Naziweka hapa pamoja uone kila moja inakupa nini na inakudai nini. Niseme mapema ninakoegemea: kwa mgonjwa wa Dar mwenye glakoma ya kona wazi (yaani kona ya jicho maji yanapotokea haijafunga) ambayo haijafika mbali, leza inastahili kuulizwa siku ya kwanza, isingojwe mpaka matone yashindwe. Sababu zangu zinatoka kwenye utafiti, na mmoja wapo ulifanyika Moshi.

Kinachotibiwa hasa

Tuanze na jirani. Glakoma huua nyuzi za neva inayopeleka picha kutoka jichoni kwenda kwenye ubongo, na nyuzi zikishakufa hazioti tena. Matone, leza na upasuaji vyote vina kazi moja tu, kushusha presha ndani ya jicho ili nyuzi zilizobaki zisife. Hakuna kinachorudisha uoni uliokwisha kwenda. Wengi huchanganya na mtoto wa jicho, ambako lenzi iliyoingia ukungu hutolewa, ya bandia huwekwa, na mtu huanza kuona vizuri ndani ya siku chache. Aliyepasuliwa kwa ajili ya presha ya macho asitegemee hivyo. Akibaki anaona kama alivyokuwa akiona kabla, basi upasuaji umefaulu. Si rahisi kulipia kitu ambacho faida yake ni kubaki ulivyo, na nadhani hapo ndipo watu wengi hukata tamaa wakaacha tiba.

Presha hii si ile inayopimwa mkononi. Ndani ya jicho kuna maji yanayotengenezwa muda wote na kutoka kupitia chujio dogo lililo kwenye kona, pale kioo cha mbele cha jicho kinapokutana na sehemu yenye rangi. Ni kama karo la jikoni ambalo bomba lake halifungwi: chujio likianza kuziba, maji yanapanda. Presha inayohesabiwa kuwa ya kawaida ni kati ya 10 na 21 kwa kipimo cha milimita za zebaki. Namba hiyo peke yake haitoshi. Wapo wenye 25 ambao neva zao hazijaguswa, na wapo wenye 17 ambao neva zinaendelea kufa. Ndiyo maana daktari huiangalia neva yenyewe nyuma ya jicho, na hupima upana wa uoni wako kwa ile mashine ya kubonyeza kitufe kila unapoona nukta ya mwanga. Ukipimwa presha tu ukaambiwa uko salama, hujapimwa glakoma.

Ugonjwa wenyewe si wa watu wachache. Uchunguzi uliofanywa vijijini Kongwa, mkoani Dodoma, matokeo yake yakachapishwa mwaka 2000, uliwapima watu 3,268 wenye miaka 40 na zaidi. Zaidi kidogo ya asilimia 4 walikuwa na glakoma, na sehemu kubwa ilikuwa ya kona wazi. Aina hii haiumi. Hula pembeni kwanza na kuacha katikati kwa mwisho, kwa hiyo mtu anasoma ujumbe kwenye simu bila shida huku anagongana na watu Kariakoo na kulaumu msongamano. Kwa watu wenye asili ya Afrika huanza mapema na hukimbia zaidi kuliko kwa Wazungu, jambo ambalo ni muhimu kukumbuka kila unaposoma takwimu za Ulaya.

Kuna pia glakoma ya kona iliyofunga. Hii wakati mwingine huja kwa kishindo: jicho jekundu, maumivu makali, kutapika, taa kuonekana zimezungukwa na duara za rangi. Hiyo ni dharura ya siku hiyo hiyo. Tiba yake ni tofauti, kwa sababu leza yake ni ya kutoboa tundu dogo kwenye sehemu yenye rangi, au lenzi ya jicho huondolewa kabisa. Utafiti wa EAGLE uliochapishwa mwaka 2016, wenye wagonjwa 419, uliona kuwa kuondoa lenzi kuna manufaa zaidi kuliko kutoboa. Nitaiacha hapo. Yanayofuata yote ni ya kona wazi, na swali la kwanza kwa daktari wako ni hilo: "Kona ya jicho langu iko wazi au imefunga?" Yeye huiangalia kwa kukuwekea kioo maalumu juu ya jicho.

Matone: dawa nzuri yenye masharti mengi

Yanayoandikwa sana ni ya aina mbili. Timololi hupunguza maji yanayotengenezwa. Ilianza kuuzwa Marekani mwaka 1978, ni ya bei nafuu, na hutiwa kwa kawaida asubuhi na jioni. Latanoprosti iliidhinishwa huko mwaka 1996. Yenyewe hufungua njia nyingine ya maji kutoka, hutiwa tone moja usiku, na kwa kawaida hushusha presha zaidi kuliko timololi. Bei yake iko juu. Zipo nyingine za kuongezea pale moja inapokuwa haitoshi.

Kwamba matone yanafanya kazi hakuna ubishi. Uingereza waligawa wagonjwa 516 makundi mawili, wengine wakapewa latanoprosti na wengine matone yasiyo na dawa, na wote hawakujua wana ipi. Matokeo yalitoka mwaka 2015: ndani ya miaka 2 uoni ulipungua kwa asilimia 25.6 ya waliopewa matone matupu, na kwa asilimia 15.2 ya waliopewa dawa. Angalia pia kwamba hata waliopewa dawa, wapo walioendelea kupoteza. Presha yao haikushuka vya kutosha, au ugonjwa ulikuwa mkali zaidi.

Sasa masharti. Timololi ikitiwa jichoni huteremka kupitia tundu la machozi hadi puani na kuingia kwenye damu. Ni ya ukoo mmoja na baadhi ya dawa za moyo. Mwenye pumu inaweza kumbana kifua vibaya, na mwenye mapigo ya moyo ya taratibu inaweza kuyapunguza zaidi. Watu hawaoni sababu ya kumwambia daktari wa macho habari za kifua, na daktari mwenye foleni anaweza asiulize. Mwambie bila kuulizwa. Kama una pumu, timololi iondoe kwenye orodha yako sasa hivi.

Latanoprosti haina tatizo hilo kwa kiasi kikubwa, ila ina vituko vyake: jicho kuwa jekundu, kope kurefuka, ngozi ya kuzunguka jicho kuwa nyeusi zaidi. Ukitia jicho moja tu, tofauti huonekana. Wapo wanaofurahia kope, sitawasema.

Kinachonisumbua zaidi ni joto. Chupa nyingi za latanoprosti ambazo hazijafunguliwa zinatakiwa kukaa kwenye friji, nyuzi 2 hadi 8. Ikishafunguliwa inaweza kukaa nje ya friji hadi wiki 6, lakini kwa joto lisilozidi nyuzi 25. Januari na Februari, chumba cha kawaida Dar hakifiki chini ya hapo hata usiku wa manane. Kwa hiyo ukinunua famasi, angalia wameitoa wapi. Kama imetoka kwenye rafu iliyo karibu na mlango unaopigwa na jua, soma maelekezo ya kwenye boksi kabla hujalipa, kwani zipo chapa chache zinazovumilia joto la chumba. Nyumbani iweke kwenye mlango wa friji, isigande.

Halafu kuna kutia kwenyewe. Tone moja linatosha, la pili humwagika shavuni kwa sababu jicho haliwezi kubeba yote. Vuta kope ya chini, angalia juu, dondosha, fumba jicho taratibu, kisha bonyeza kwa kidole kona ya ndani karibu na pua kwa dakika moja au mbili. Kubonyeza huko huzuia dawa kukimbilia puani na kwenye damu. Kama una dawa mbili tofauti, acha dakika 5 katikati, la sivyo ya pili inaisafisha ya kwanza.

Shangazi yangu wa Mbagala aliulizwa na nesi mmoja kijana, "Shikamoo mama, dawa unatia mara ngapi?" Akajibu, "Marahaba mwanangu. Kila jicho likiuma." Jicho lake halikuwa linauma hata siku moja, kwa hiyo dawa ilikuwa haitiwi. Wala hakuwa mkaidi. Tangu utoto amejua kwamba dawa hunywewa unapoumwa na kuachwa ukipata nafuu, na hakuna aliyekaa naye kumweleza kwamba hii haifuati utaratibu huo.

Na hesabu ya pesa ifanye mwenyewe, kwa bei ya famasi yako. Chupa moja huenda mwezi mmoja hivi. Zidisha kwa 12, kisha kwa miaka 10, kwa sababu glakoma ni ya maisha. Ongeza nauli za kliniki. Ongeza ile miezi ambayo dawa haikupatikana, ingawa hiyo gharama yake hulipwa kwa neva. Chupa inayoonekana rahisi kaunta si rahisi ukiihesabu kwa miaka.

Leza: kwa nini imepanda daraja

Leza ninayoizungumzia hulenga lile chujio la kwenye kona. Daktari anatia tone la ganzi, anakuwekea kioo kama kile cha kuangalia kona, na kupiga vimulimuli vya kijani karibu 100 kuzunguka jicho. Kila kimoja hudumu sehemu ndogo mno ya sekunde, na nguvu yake hunyonywa na chembe zenye rangi nyeusi tu, zile za jirani hazichomwi. Mwili unakuja kusafisha chembe zilizoguswa, na chujio linapitisha maji vizuri zaidi. Kazi huchukua dakika chache, hakuna kulazwa wala kisu. Siku ile utaona ukungu, jicho linaweza kuwasha au kuuma kidogo, na presha inaweza kupanda kwa saa chache, ndiyo maana hupimwa tena kabla hujaondoka. Faida yake hujulikana baada ya wiki 4 hadi 8, kwa hiyo usiache matone yako mpaka uambiwe.

Mbinu hii ilielezwa na Mark Latina wa Marekani katikati ya miaka ya 1990. Ya kabla yake, iliyokuwepo tangu mwaka 1979, ilikuwa inachoma tishu, na kurudia kwake kulikuwa na mashaka. Hii ya sasa inarudiwa.

Kwa miaka mingi leza iliwekwa katikati: matone kwanza, yakishindwa leza, ikishindwa upasuaji. Kilichovuruga mpangilio huo ni utafiti wa Uingereza uitwao LiGHT, ulioongozwa na Gus Gazzard wa hospitali ya Moorfields, London. Wagonjwa wapya 718 waligawanywa, wengine wakaanza na leza na wengine na matone. Baada ya miaka 3, asilimia 74 ya walioanza na leza walikuwa na presha nzuri bila tone lolote. Baada ya miaka 6, karibu asilimia 70. Waliohitaji upasuaji kwenye kundi la leza walikuwa wachache kuliko wa matone: macho 13 dhidi ya 32 katika miaka 6. Mwaka 2022 mwongozo wa matibabu wa Uingereza ukabadilishwa, leza ikawekwa mbele kwa wagonjwa wapya wengi.

Haki itendeke: utafiti huo haukuona tofauti ya maana katika jinsi wagonjwa walivyojisikia maishani. Mtu aliyetia matone yake kwa uaminifu alikuwa sawa na mwenzake wa leza kwa mambo mengi. Na walikuwa Waingereza, wengi wao Wazungu, ugonjwa ukiwa mwanzoni, dawa zikipatikana, kliniki hazirukwi.

Ndiyo maana wa Moshi una uzito kwangu. Hospitali ya KCMC, watafiti wakiongozwa na Heiko Philippin, waliwachukua Watanzania 201 wenye glakoma, jumla ya macho 382. Kundi moja lilipewa timololi mara mbili kwa siku pamoja na ushauri wa namna ya kuitia, kundi jingine leza. Kufaulu kulimaanisha presha kushuka hadi kiwango kilichopangwa kulingana na ugonjwa ulipofika, si kushuka kidogo tu. Matokeo yalichapishwa mwaka 2021. Baada ya mwaka mmoja, timololi ilifaulu kwa asilimia 31 ya macho, leza kwa asilimia 61. Karibu mara mbili, kwenye macho yetu, kwenye mazingira yetu.

Usiisome hiyo 61 kwa shangwe kupita kiasi. Macho 39 katika kila 100 hayakufika lengo hata kwa leza, na theluthi ya yale yaliyofika ilibidi leza irudiwe. Tena walilinganishwa na timololi, dawa ambayo ni dhaifu kuliko latanoprosti. Aliye na latanoprosti, friji, pesa ya kila mwezi na nidhamu ya kila usiku hana sababu ya kuona matone yake ni upuuzi. Ninachosoma mimi kwenye namba hizo ni kwamba leza inaendelea kufanya kazi hata usiku ule ambao umesahau, umesafiri kwenda msibani Tanga, au umeishiwa. Hapo ndipo inapolishinda tone.

Udhaifu mkubwa wa leza ni mbili. Nguvu yake huisha pole pole, kwa wengine baada ya miaka kadhaa, kwa wengine mapema, na mgonjwa hataisikia ikiisha. Aliyepigwa leza akaacha kliniki yuko hatarini kuliko mwenye matone, kwa sababu anajiona amepona. Pili ni upatikanaji. Mashine ni ghali na haipo kila mahali, na inaweza kuwepo bila kufanya kazi wiki hiyo. Piga simu kabla hujapanda daladala.

Upasuaji: kwa jicho ambalo halina muda

Upasuaji unaofanywa zaidi ni wa kutengeneza mlango mpya wa maji kwenye ukuta wa jicho. Maji hutoka na kukusanyika chini ya ngozi nyembamba ya jicho, kwenye kiuvimbe kidogo kinachofichwa na kope ya juu, kisha hunyonywa na mwili. Cairns wa Uingereza aliuelezea mwaka 1968, na pamoja na marekebisho mengi bado ndio kipimo ambacho mbinu mpya hulinganishwa nacho. Adui wake ni kovu: mwili unataka kuziba kidonda, na miili yetu Waafrika huziba kwa bidii zaidi. Kwa hiyo wakati wa upasuaji hupakwa dawa ya kuzuia kovu. Mlango ukiziba, kuna mirija midogo ya kupandikiza.

Hakuna kinachoshusha presha chini na kuiweka huko kama huu. Utafiti mmoja wa Marekani, AGIS, uliochapishwa mwaka 2000, uliona kuwa macho ambayo presha yake ilikuwa chini ya 18 kila yalipopimwa, kwa wastani hayakuendelea kupoteza uoni. Kwa aliyebakiwa na uoni kidogo, kufika chini huko ndiyo shabaha. Na utafiti wa TAGS wa Uingereza, uliotoka mwaka 2021, uliwachukua watu 453 ambao waligundulika ugonjwa ukiwa umeshafika mbali. Baada ya miaka 2, waliopasuliwa walikuwa na presha ya wastani ya 12.4, wa matone 15.1. Maisha yao ya kila siku hayakutofautiana sana, na upasuaji haukuleta madhara zaidi kama ilivyohofiwa.

Hiyo ni habari kubwa kwetu, kwa sababu hapa watu hufika hospitali jicho moja likiwa limekwisha na la pili limebaki linaona katikati tu, kama kupitia tundu. Mtu kama huyo kumwanzishia matone na kumwambia arudi baada ya miezi 3 ni kamari, hasa akitoka Mkuranga au Kisarawe kuja mjini.

Bei yake ni uangalizi. Wiki za mwanzo utarudi mara nyingi: presha ikishuka mno jicho linalegea, ikipanda nyuzi za mshono zinalegezwa. Kuna matone ya kuzuia kovu na uvimbe kwa wiki kadhaa. Mtoto wa jicho huweza kuja haraka zaidi baada ya upasuaji huu. Na kile kiuvimbe kinaweza kuingiwa na wadudu hata miaka baadaye, hivyo jicho lililopasuliwa likiwa jekundu, likatoa usaha au kuuma, usipitie famasi, nenda hospitali siku hiyo. Kama huna wa kukusindikiza wiki hizo za kwanza, panga hilo kabla hujapanga tarehe ya upasuaji.

Zikikaa mezani pamoja

Kwa anayegundulika mapema, kona wazi, hana bima au dawa zinamkatikia: leza. Kwa mwenye pumu: leza, au latanoprosti kama leza haipo. Kwa mwenye bima inayolipia dawa kila mwezi na ratiba isiyoyumba, matone ni sawa kabisa, na leza ibaki kwenye akiba. Dereva wa lori anayelala Tunduma leo na kesho Lusaka, asijidanganye na chupa ya kwenye friji.

Kwa ugonjwa uliofika mbali, hasa kama jicho moja limeshazima, zungumza upasuaji mapema na daktari bingwa. Leza kwa hatua hiyo inaweza kusaidia, lakini mara nyingi haitashusha hadi kwenye namba unayoihitaji. Kijana wa miaka 30 mwenye glakoma naye ana miaka mingi ya kulinda. Kwake ningependa kusikia maoni ya madaktari wawili.

Njia hizi pia huchanganywa. Leza ukaongeza tone moja, upasuaji ukaongeza tone moja, ni kawaida na si dalili kwamba mtu alidanganywa.

Bangi hushusha presha kwa saa 3 au 4 tu, mtu angepaswa kuivuta mchana kutwa na usiku kucha, kwa hiyo tuipite. Miti shamba ya kudondoshea jichoni huweza kuunguza kioo cha jicho, na haifiki kwenye chujio. Kubwa zaidi ni matone yenye steroidi, yale yanayouzwa maduka ya dawa kwa jicho jekundu au la mzio, mara nyingi bila cheti. Yanatuliza haraka sana, ndiyo maana yanapendwa. Yakitumika kwa wiki na miezi hupandisha presha ya jicho kwa baadhi ya watu, na wapo watoto wenye mzio wa macho walioishia na glakoma kwa njia hiyo. Kama kwenye boksi kuna deksamethasoni au prednisoloni na hakuna daktari aliyekuandikia, rudisha kaunta.

Ukifika kliniki

Kwa Dar, Muhimbili na CCBRT kule Msasani ndiko wagonjwa wengi wa macho huelekezwa, na zipo hospitali binafsi zenye madaktari bingwa. Hospitali za rufaa za mkoa kama Amana, Temeke na Mwananyamala ni pa kuanzia ukitaka rufaa. Uliza: ugonjwa wangu umefika hatua gani, presha yangu inatakiwa ishuke hadi ngapi, na je, leza ipo hapa au mtanielekeza? Namba ya lengo iandikwe kwenye kadi yako. Mgonjwa anayejua kwamba anatakiwa awe chini ya 15 atajua mwenyewe kwamba 19 si habari njema, hata kama iko ndani ya "kawaida".

Beba chupa zako zote, zikiwemo zilizokwisha. Beba majina ya dawa za presha ya damu, pumu na moyo. Kama ulipimwa upana wa uoni mwaka jana, njoo na karatasi ile, kwani kipimo kimoja kinaonyesha ulipo na viwili vinaonyesha unakoelekea.

Na ndugu zako wa tumbo moja pamoja na watoto wako waambie. Hatari yao ni kubwa mara kadhaa kuliko ya watu wengine, na wasingoje kufika miaka 40. Wakienda kupimwa wasiendeshe gari wala pikipiki wenyewe, kwa sababu matone ya kupanua mboni yatawafanya waone ukungu kwa saa kadhaa, na jua la mchana litawaumiza macho njia nzima.